Raba ya Kushoto

Kwenye kibanda cha mama yangu, sokoni Kasulu, kulikuwa na waya uliofungwa kutoka nguzo moja hadi nyingine, juu ya meza ya viatu. Kwenye waya huo hatukuning'iniza viatu vya kuuza. Tulining'iniza yatima.

Yatima ni kiatu kilichofika peke yake. Mtu asiyefanya kazi ya mtumba hudhani viatu hutoka kwenye belo, lile furushi kubwa lililofungwa, vikiwa jozi jozi, vimepangwa kama dukani. Sivyo. Huko vinakotoka hufungwa pamoja kwa kamba zake, kisha hushindiliwa, husafiri melini na kwenye malori, kamba zinalegea, na belo likifunguliwa kwetu unakuta kushoto iko juu na kulia iko chini kabisa, au haimo. Kwetu shida ilizidi kwa sababu mama, Mwamvua, alinunua belo kwa ubia na Mzee Gharibu wa Kibondo. Walikuwa wakikutana Kasulu, wanakata kamba, wanaligawa belo kwa kumimina: lundo hili lako, lundo hili langu, tena mbiombio, maana basi la Kibondo halimsubiri mtu. Jioni ndipo wanagundua kwamba kushoto imebaki Kasulu na kulia imeshapanda basi.

Basi kila mmoja alikuwa na waya wake, na kwenye simu walizungumza mambo yaleyale.

"Gharibu, unayo kulia ya bluu, soli nyeupe?"

"Ninayo. Wewe una kushoto ya mtoto, yenye maua?"

"Ipo hapa inaning'inia."

Kanuni ya waya ilikuwa rahisi. Ukija na mwenzake, yatima ni wako, unampata bure. Aliwahi kuja mkulima wa Kagerankanda na raba ya kulia ndani ya mfuko wa mbolea. Alikuwa amenunua jozi jioni kwenye mnada, kufika nyumbani akakuta moja nyeusi na nyingine ya bluu iliyokolea. Ya kushoto yake tulikuwa nayo. Mama alipiga kigelegele kama harusini, wauza dagaa wa jirani wakapiga makofi, na yule mkulima akaondoka amevaa jozi yake anacheka peke yake. Kila yatima alipopata mwenzake, soko lilishangilia. Na hakuna aliyekagua. Nani angedanganya ili apate kiatu kimoja?

Yatima aliyekosa mwenzake mpaka belo jingine likafunguliwa, kama alikuwa wa kushoto, alikwenda kwa Cadet.

Cadet alikuwa Mkongomani wa Baraka, kule kando ya ziwa, akiishi kambini Nyarugusu na mkewe Marguerite. Alikuwa na mguu mmoja, wa kushoto. Wa kulia aliupoteza vitani, na hakupenda kueleza zaidi ya hapo. Ukimuuliza alisema, "Ule ulichoka kutembea." Kwa Cadet, kiatu cha kushoto hakikuwa nusu ya kitu. Kilikuwa kiatu kizima.

Tulimpata kwenye soko la pamoja, nje ya kambi, ambako wakimbizi na wenyeji waliuziana vitu. Alikuja na magongo yake, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo inakata, mguu wa kulia wa suruali umekunjwa na kushonwa nadhifu kama bahasha, na kwenye mguu wa kushoto raba inayong'aa. Alijua kwamba anatazamwa na alifurahia.

"Mama Mwamvua! Mimi niko nusu mteja. Unipe nusu ya bei."

"Wewe ni mteja na nusu, kwa usumbufu wako," mama alimjibu. "Juzi umechambua meza nzima ukaondoka na kamba tu."

"Kamba zilikuwa muzuri, mama. Ile kiatu yenyewe ilikuwa na sura ya mutu aliyekosa usingizi."

Nilikwenda kwake mara moja kumpelekea mzigo. Ukuta mzima wa chumba chake ulikuwa na misumari, na kila msumari raba ya kushoto: nyekundu, nyeupe, za shingo ndefu, za kukimbilia, moja ya kike ambayo haikumtosha lakini aliipenda rangi yake. Alizisafisha kwa mswaki na sabuni ya mche, akazianika kivulini. Na zote alizivaa kwa zamu, hata siku za matope. Marguerite alinong'ona, "Asubuhi anazisalimia, mwanangu. Mimi ananisalimia ya pili."

"Usipoivaa, gundi inakauka na soli inaoza ndani kwa ndani," Cadet alinieleza. "Inataka kutembea."

Lakini msumari mmoja, ule wa katikati, ulikuwa mtupu. Huo aliutunzia raba moja aliyokuwa akiitafuta tangu alipofika Tanzania. Zamani kule Baraka, alipoanza kukausha samaki na kuwauza, pato lake la kwanza alinunulia raba za kijani kama jani la mhogo, shingo ndefu, mkanda mpana wa kufunga mbele, mshono wa njano kisiginoni. Alizivaa Jumapili tu, kwenye kwaya. Siku walipokimbia alizivingirisha kwenye kitenge cha mama yake, akazisukuma chini ya kitanda, akasema atarudi kesho kuzichukua.

"Nilizitunza!" aliniambia, akijipiga gotini kwa kiganja. Alikuwa na hasira kana kwamba jambo lilitokea asubuhi ile. "Nilikimbia na sandali mubaya, raba nimeziacha chini ya kitanda. Nilikuwa natunzia nani, Zaitun? Wanajeshi?"

Hadithi hiyo mama na Mzee Gharibu walikuwa wameisikia hadi wameikariri. Raba yoyote ya kijani ikitoka kwenye belo, walitazamana kwanza. Wenyewe waliiita "ile ya Cadet".

Mwaka 2014 mimi nilikuwa nimemaliza chuo Dodoma, nasubiri ajira za ualimu zitangazwe, na huku nikisubiri nilikaa kibandani na mama. Siku moja, mvua za masika zikiwa zimekatika na vumbi jekundu la barabara ya Kibondo limeanza upya, Mzee Gharibu alipiga simu.

"Zaitun, mpe mama simu. Hapana, usimpe, nitakwambia wewe. Ile ya Cadet imetoka."

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto! Mkanda upo, mshono wa njano upo, hata namba ya mguu ni yake. Safi kabisa, kama haijawahi kuvaliwa."

"Na kulia je?"

"Hakuna. Nimepekua lundo lote. Angalieni huko kwenu."

Tuliangalia mpaka chini ya meza. Hapakuwa na kitu. Nikamwambia Mzee Gharibu aipakie kwenye basi la kesho tu, tuipeleke kambini. Akakataa.

"Itakaa kwenye waya mpaka belo lijalo, kama nyingine zote. Tukianza kuwafichia marafiki, huu hautakuwa waya tena. Nani ana kulia ya kijani huku Kibondo? Hakuna. Itafika kwa Cadet, usiwe na wasiwasi."

Tulimpa Cadet habari siku ya soko la pamoja. Alikaa juu ya gunia letu, akaweka magongo chini, akavua raba aliyokuwa amevaa, akaitazama, akaivaa tena.

"Iko na mukanda?" aliuliza hatimaye.

"Upo."

"Nitangoja. Nimeshangoja sana, siku kidogo hazitaniua."

Sasa nimtaje Hilali, na nitajaribu kumtaja kwa haki.

Tulisoma pamoja sekondari. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na ndugu zake walikuwa Tanga na Dar es Salaam. Zamani Hilali alipenda raba kweli. Mwalimu akitoka darasani, alichukua chaki akachora raba ubaoni, na mishono yake yote, tukambembeleza asifute. Ndiyo maana aliporudi kutoka Dar na kuanzisha kikundi chake cha Raba Kali, mimi nilifurahi. Nilidhani hatimaye vijana wa Kasulu wanaopenda kitu kimoja watapata pa kukaa pamoja.

Haikuwa hivyo. Kuingia Raba Kali kulihitaji ujulishwe na mwanachama na ulipe kiingilio. Raba zilizoletwa kwenye mikutano hazikuvaliwa barabarani. Zilibebwa kwenye mfuko, zikavaliwa juu ya zulia, zikapigwa picha, zikavuliwa. Vijana wawili kutoka Muyama waliwahi kuja kwa baiskeli, wamesugua raba zao mpaka zimekuwa nyeupe kama maziwa, wakarudishwa mlangoni kwa sababu soli zilikuwa na udongo. Udongo! Kasulu hii, ambako hata sahani ya wali ukiiacha nje inakuwa nyekundu! Na nyingi ya raba za wanachama zilikuwa mtumba uleule wa mezani kwetu. Hilali alizinunua, akazitia kwenye boksi, akazipa hadithi ya ng'ambo, na watu wakazitamani kwa sababu waliambiwa si zao.

Hilali alipita Kibondo, akaiona raba ya kijani kwenye waya wa Mzee Gharibu, akaipiga picha na kuiweka Facebook. Watu wa Mwanza na Dar wakaanza kuulizia. Akarudi kutaka kuinunua.

"Nimemwambia yatima hauzwi," Mzee Gharibu alitusimulia kwenye simu, akicheka. "Nikamwambia, alete mwenzake, ataipata bure. Kijana akaniangalia kama nimemtukana!"

Tulicheka pia. Wiki ileile akapiga tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na furaha na huzuni pamoja.

"Mwamvua, utaamini? Yule kijana ameleta kulia. Kijani hivyohivyo. Alikuja magharibi, naharakia kufunga, akaitoa kwenye mfuko. Nimempa ile ya kushoto. Watu wamepiga makofi. Mpaka sasa vidole vyangu vina kijani, nimetawadha mara ngapi haitoki, naona belo lile lilipata unyevu. Sasa Cadet nitamwambia nini?"

Mama akasema, "Kanuni ni kanuni. Nitamwambia mimi."

Nilikuwepo alipomwambia. Nilitamani Cadet agombe, atukane, adai kwamba aliahidiwa. Alisikiliza akiwa ameegemea magongo yake, akatikisa kichwa polepole.

"Kama imepata mwenzake, iende. Siwezi kuvunja ndoa." Akatabasamu, lakini mdomo tu. "Huyo kijana anaivaa vizuri?"

"Ataivaa," mama alisema.

"Basi ni muzuri. Mimi nilikuwa na mbili, sikuzivaa."

Nyumbani kwake, Marguerite aliniambia baadaye, aliung'oa ule msumari wa katikati.

Kisha nikaona tangazo. Lilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi karibu na soko, na kwenye Facebook lilisambaa zaidi. Raba ya kijani, peke yake, ndani ya sanduku la kioo. Chini yake: MOJA TU AFRIKA MASHARIKI. HAINA PACHA. NJOO UIONE JUMAMOSI, RABA KALI, KASULU.

Nililisoma mara ya kwanza kama mtu anayesoma tangazo lolote. Nilikuwa nimeshapita hatua kadhaa ndipo maneno *haina pacha* yaliponishika. Kama haina pacha, Mzee Gharibu aliletewa nini?

Nilimpigia palepale, nikamsomea. Upande wa pili nikasikia mbuzi, nikasikia pikipiki ikipita.

"Vidole vyangu," alisema mwisho. "Zaitun, ile ya kulia aliipaka rangi. Na mimi nimepiga makofi."

Sikulala vizuri siku zilizofuata, na sioni aibu kusema hivyo kwa ajili ya kiatu. Kitu kilichoniuma hakikuwa ujanja wenyewe. Sokoni ujanja tunaujua, tunaishi nao. Kilichoniuma ni kwamba waya ule haukuwa na mlinzi kwa sababu haukuwahi kuhitaji mlinzi. Watu wasio na kitu walikuwa wametengeneza kijisehemu kidogo cha uaminifu, hewani, kwa waya wa kufungia mabati, na mtu aliyekuwa na kila kitu aliona hapo ndipo pa kuibia. Na alimwibia nani? Mtu ambaye alikubali kunyang'anywa kwa sababu alidhani ni haki!

Jumamosi ilipofika, Mzee Gharibu alishuka kwenye basi la asubuhi, vumbi hadi kwenye kope. Cadet naye alikuwa mjini: alikuwa na kibali cha siku moja kuja hospitali kupigwa picha ya nyonga, na gari la kurudi kambini lilikuwa linaondoka alasiri. Tulimweleza yote, tumesimama nje ya geti la hospitali. Nilitegemea hasira. Alinyoosha kola ya shati lake.

"Kwa hiyo haina mume?" aliuliza.

"Haina," nikasema.

"Twende."

Mlangoni pa ukumbi kulikuwa na kijana mwenye miwani ya jua. Mama alilipa viingilio vya wote. Yule kijana akatutazama miguu, mmoja baada ya mwingine, akafika kwa Cadet akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Humu ni jozi safi tu. Lazima jozi."

"Bwana," Cadet alimwambia kwa upole, "hii unayoona ndiyo jozi yangu yote."

Kijana akavua miwani, akaona, akasogea pembeni. Lakini kanuni ilikuwa imeshatamkwa, na niliibeba moyoni mpaka ndani.

Ukumbi ulijaa. Viti vya mbele vilikuwa vya wanachama, na nyuma walisimama watu wa kawaida waliolipa waone kiatu. Mbele, juu ya zulia jekundu, ilikuwa raba ya kijani ndani ya kioo. Nilipokaribia niligundua ni lile kabati dogo la kioo la kuwekea maandazi; kwenye kona bado kulikuwa na alama ya mafuta. Hilali alishika kipaza sauti.

"Wana Kasulu! Mambo vipi? Hii mnayoiona hapa, Dar hawana, Nairobi hawana. Tumeitafuta mpaka mitandaoni. Iko moja tu! Wapo walionipigia leo asubuhi wakitaka kuinunua, nimewaambia tulieni. Hii haivaliwi, hii haiguswi, hii inaangaliwa!"

Wanachama wakapiga makofi. Mzee Gharibu akatembea katikati ya viti, kofia yake mkononi.

"Mzee wangu! Shikamoo," Hilali alisema, bado kwenye kipaza sauti, na tabasamu lake likapungua kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Kulia iko wapi?"

"Kulia gani, mzee?"

"Uliyoniletea Kibondo. Uliyonionyesha mbele ya watu, tukakupigia makofi, nikakupa hii bure." Aliinua kidole gumba. Pembeni mwa ukucha kulikuwa na kijani bado. "Hii ni rangi ya kulia yako. Nataka kuiona tena, mchana."

Nyuma watu wakaanza kunong'ona. Mwanamke muuza ndizi ambaye anatujua akapaza sauti: "Kama ameleta mwenzake, atuonyeshe jozi! Kama hana, kaiba yatima!"

"Lete kulia!" wakaitikia wengine. "Kulia! Kulia!"

Hilali alishusha kipaza sauti. "Imepotea," alisema.

"Basi tangazo lako ni la uongo," nikasema. Sikujua kama nitasema, nilijikuta nimeshasimama. "Kama kulia ipo, haiko moja tu. Kama iko moja tu, ulimdanganya mzee. Chagua, Hilali. Moja ya hizo."

Alinigeukia, na sasa alikasirika kweli. "Zaitun, acha hizo! Kiatu kimoja! Kiatu kimoja cha mtumba, mmekining'iniza juani kama utumbo. Nani alikuwa anakitaka? Mimi ndiye nimekipa jina. Nimekipa thamani. Pale kwenu kilikuwa takataka."

"Kilikuwa na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Sikuhitaji kujibu. Mlio wa magongo ulikuwa unakuja kwenye sakafu ya saruji, ko, ko, bila haraka, na watu walikuwa wanageuka. Cadet alifika kwenye viti vya mbele. Mwanachama mmoja aliinuka bila kuombwa, na Cadet akaketi kwenye kiti chake, akashukuru, "Merci, bwana," akaanza kulegeza kamba za raba aliyovaa.

Hilali aliutazama ule mguu, na ile suruali iliyokunjwa, na nikaona ameelewa. Kwa kitambo kidogo alikuwa tena yule kijana wa chaki. Kama angesema neno moja wakati ule, nadhani ningemsamehe yote. Lakini vijana wake walikuwa wamenyanyua simu zao, na hakusema.

Ni mama aliyekwenda. Alipanda kwenye zulia na ndala zake, akafungua kabati la maandazi.

"Mama, usishike kwa mkono mtupu!" Hilali alipiga kelele. "Jasho linaharibu!"

"Nimeshika viatu tangu hujazaliwa," mama alisema, na akampelekea Cadet raba yake.

Hakuna aliyemzuia. Nafikiri wengi walitaka tu kuona. Cadet aliipokea kwa mikono miwili. Aliinusa. Alipitisha kidole kwenye mshono wa njano, akafungua mkanda, akaingiza mguu taratibu kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua. Iliingia. Alifunga mkanda, akasimama, akaweka magongo mbele, akapiga hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili nikasikia kitu kama biskuti inavunjika. Kipande cha soli kilibaki kwenye zulia, cheupe, kisha kingine. Raba ile ilikuwa imekaa miaka mingi bila kuvaliwa na mtu yeyote, kwenye ghala fulani la nchi ya mbali, na ilikuwa imeoza ndani kwa ndani, kama alivyonieleza siku ile.

"Umeiharibu!" Hilali alilia. Kwa kweli alilia. Sauti yake ilipasuka. "Ilikuwa moja tu! Umeiharibu!"

Cadet hakusimama mpaka alipomaliza zulia. Akageuka.

"Sijaiharibu, bwana," alisema. "Nimeivaa."

Watu wa nyuma, wale waliosimama, walipiga makofi kama wanavyopiga sokoni. Mzee Gharibu alikuwa anajifuta macho kwa kofia na kusingizia vumbi la Kibondo. Mbele, kijana mmoja wa Raba Kali alikuwa amechuchumaa, anapiga picha makombo ya soli kwenye zulia, anayasogeza kwa kidole yakae vizuri. Nilitaka kumpiga teke. Nilijizuia kwa sababu nilikuwa nimevaa ndala.

Tulitoka nje. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa vilima, na gari la kambini lilikuwa linapiga honi karibu na soko. Cadet alitembea katikati yetu, akiacha vipande vyeupe kwenye udongo mwekundu, na kila baada ya hatua alitazama chini, siyo kwenye soli, kwenye mkanda.

"Mama Mwamvua, ile nyeusi ya kushoto ya juzi, uliyosema imechanika juu. Soli yake iko nzima?"

"Nzima kabisa."

"Muniwekee. Nitaitoa soli, nitaishona kwenye hii." Alifikiri kidogo. "Na nusu ya bei."

"Soli moja nusu ya bei? Nusu ya nusu hiyo, Cadet!"

"Ndiyo, mama. Mimi niko mteja wa hesabu."

Alipandishwa garini, akakaa mwisho, mguu umenyooka mbele ili kila aliyepanda auone. Mzee Gharibu aliwahi basi lake. Mimi na mama tulirudi kibandani, nikafungua kamba ya turubai, na kabla ya kupanga meza nilikaza upya waya, kwa sababu ulikuwa umelegea upande mmoja. Yatima wawili walikuwa wanangoja pale: kulia ya kahawia, na kushoto ndogo ya mtoto. Mama alichukua simu.

"Gharibu, umeshapanda? Ukifika nitazamie kulia ya mtoto, nyekundu." Alisikiliza, kisha akaongeza, polepole kuliko kawaida yake, "Ndiyo. Kanuni ni ileile, mtu akija na mwenzake, mpe yatima. Lakini mwambie amvalishe mtoto kwanza, palepale."